Cheti cha Mikono

Nimestaafu mara tatu. Mara ya kwanza walinifanyia sherehe, wakaleta keki yenye mabawa. Mara ya pili walinipigia simu. Mara ya tatu hata simu hawakupiga, walituma ujumbe wa maneno sita. Na bado ndege ikipiga chafya popote kusini mwa nchi hii, gari jeupe linakuja kusimama mlangoni kwangu, na mtu mwenye kitambulisho shingoni ananiuliza kama nimeshakunywa chai.

Safari hii haikuwa chafya. Nilifika kiwanja cha Lugema saa tatu asubuhi, siku ya pili baada ya ajali, na yale manyunyu ya nyanda za juu yasiyojua kukoma yalikuwa bado yanaendelea. Ndege ilikuwa imelala kiupande katikati ya njia ya kutua. Bawa la kulia lilikuwa limegusa nyasi, na magurudumu ya upande huo yalikuwa yamesukumwa hadi ndani ya tumbo. Abiria sabini na wawili walitoka hai. Mhudumu mmoja, binti aitwaye Tumwike, alikuwa amesimama akimfunga mkanda mtoto wa watu wakati ndege inapiga chini. Sasa yuko hospitali ya misheni, uti wa mgongo umevunjika, na madaktari hawataki kusema kama atatembea.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Umelala wewe?"

"Nitalala tukimaliza," alisema Mhandisi Salha.

Salha ndiye mkuu wa uchunguzi. Ni mtu wa Unguja, na baridi ya Lugema ilikuwa imemtesa vya kutosha: makoti mawili, mtandio juu yake, na bado mikono ameificha kwapani. Tulikwishafanya kazi pamoja mara nne. Nampenda kwa sababu hapigi porojo.

"Kwa ufupi," alisema, "Mwenzi anaonekana hana kosa. Anasema upepo ulikuwa umetulia alipochagua kuingia kutokea magharibi, kisha ukageuka ghafla. Rubani wake akashtuka, akauvuta usukani wakiwa futi sitini kutoka chini. Unaijua sheria."

Naijua. Anayegusa chombo mwisho ndiye anayebeba kosa lake. Tuliipigania wenyewe, enzi zile binadamu wakiogopa kwamba mashine zitawaangusha halafu hakuna wa kuulizwa.

Afadhali nimweleze Mwenzi, maana bila yeye habari hii haina kichwa. Ndege za abiria siku hizi zina rubani mmoja mwenye damu. Kiti cha pili kina Mwenzi, na Mwenzi ni mimi. Miaka ishirini na mitano iliyopita, nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita, walinikalisha miezi minane ndani ya chumba kinachoiga ndege, kofia ya nyaya kichwani, wakanakili namna ninavyoruka: macho yanakwenda wapi, mkono unasita lini, kitu gani kinanitisha na ninakifanyia nini kitisho hicho. Nakala hiyo inarusha ndege ishirini na moja kwa wakati mmoja, kwa sauti yangu ya wakati ule. Mimi mwenyewe ugonjwa wa sikio ulishaninyang'anya mizani. Nikipanda ngazi tatu, dunia inazunguka. Lakini kila asubuhi nikiwa barazani nasikia ndege ya saa moja ikipita, na najua mikono yangu iko kule juu, mizima. Sioni aibu kusema kwamba hicho ndicho kinachonitoa kitandani.

Mwenzi akipata ajali, mwenye mikono huitwa. Anasikiliza, anaangalia, kisha anatia saini karatasi inayoitwa cheti cha mikono. Ina sehemu mbili. Ukisaini ya juu, umesema Mwenzi aliruka kama ulivyomfundisha, na kesho yake anarudi angani. Ukisaini ya chini, umesema ana tabia isiyoandikwa popote, na hapo anafutwa katika ndege zote. Hakuna aliyewahi kugundua namna ya kung'oa tabia moja na kuziacha nyingine.

"Kipimo cha upepo cha hapa kilisoma nini?" nilimuuliza Salha.

"Upepo wa mgongoni, kilomita thelathini na tatu kwa saa. Lakini kwenye rekodi kinaweka wastani wa dakika kumi tu, kwa hiyo hakimkanushi Mwenzi."

Nikageuka kushoto. Sikupanga kugeuka. Shingo ilikwenda yenyewe, ilivyokwenda miaka yote niliyotua Lugema, kukitafuta kiwanda cha chai kilimani. Mabomba yake mawili yalikuwa yamesimama makavu.

"Hawachomi kuni tena?"

"Umeme, mwaka wa pili huu."

"Na ule je?" Nyuma ya kilima, weupe mnene ulikuwa unapanda moja kwa moja, umenyooka.

"Mvuke huo. Wana bwawa la maji ya moto kule bondeni. Kwa nini?"

"Nauliza tu," nilisema, na nikaegemea fimbo yangu.

Zamani kipimo cha upepo cha Lugema kilikuwa kibovu. Kilikuambia upepo wa dakika tano zilizopita, na milimani dakika tano ni nyingi. Sisi marubani tulikuwa na dawa yetu. Ukikaribia, unatupa jicho kwenye moshi wa kiwanda: unaingia kutokea kule moshi unakolalia, na ukisimama wima, basi upepo hakuna, chukua njia fupi. Wakubwa walipiga marufuku. Kwa hiyo hatukuandika mahali, tuliambiana kwa mdomo, na hata wale wa kofia sikuwaambia. Nilidhani nisiposema hawataichukua.

Basi Mwenzi aliuona mvuke uliokingwa upepo na kilima, umesimama wima, akasema upepo hakuna. Kipimo kipya, kizuri, kikamwambia upepo uko mgongoni. Akaamini mvuke. Ndege yenye upepo mgongoni inashuka kwa kasi kuliko inavyodhani, na ardhi ya Lugema haina subira.

*

Rubani mwenyewe nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi ya Tumwike. Gervas Kihwele, miaka ishirini na tisa, shati la kazi bado mwilini tangu juzi. Alisimama kunisalimia, akayumba kidogo, nikamwambia akae.

"Ndugu zake wamenikataza kuingia," alisema. "Nakaa hapa tu."

"Umekula?"

"Nimeandika barua, Kapteni. Nimekiri. Nitaisoma mbele ya kamati saa tisa."

"Umekiri nini?"

"Kwamba nilivuta. Na nilivuta kweli." Aliiangalia mikono yake. "Kuna kitu kimoja tu kinanisumbua. Nakumbuka nilisema 'tuondoke'. Nilimwambia Mwenzi tuondoke, tupande juu, tuanze upya. Nilisema mara mbili. Alipokaa kimya ndipo nikavuta."

"Sasa?"

"Kwenye rekodi haimo. Nimesikiliza mara sita. Sauti ya injini, mvua, Mwenzi anahesabu futi, halafu kishindo. Mimi simo." Alicheka kicheko kisicho na chochote ndani. "Labda nilisema moyoni. Mtu ukiogopa unaweza kusema moyoni ukadhani umetoa sauti, si ndiyo?"

Ndege hizi hazina kisanduku cha kurekodi. Tulikitoa miaka kumi iliyopita, kwa sababu Mwenzi anasikia kila kitu na kuhifadhi kila kitu, na mashine haina sababu ya kusema uongo. Mimi mwenyewe niliitwa kwenye kikao kile. Niliunga mkono.

"Si ndiyo, Kapteni?" Gervas aliuliza tena.

Nilimwambia aende akaoge, abadilishe shati. Nilichoka ghafla, uchovu ule wa kwenye mifupa, kwa sababu nilikwisha kulisikia swali hilo kutoka kwa mtu mwingine.

*

Walinifungulia chumba kidogo cha mitambo chini ya mnara. Meza, kiti, spika moja. Nikaomba waniache peke yangu na Mwenzi; mwenye mikono ana haki hiyo.

"Karibu, Kapteni," ilisema sauti yangu. Sauti nzuri, laini, isiyo na kikohozi. Huwa inanitia wivu.

"Kwa nini uliingia kutokea magharibi?"

"Kwa uelewa wangu, upepo ulikuwa umetulia wakati ule."

Nikafumba macho. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba mimi siwezi kudanganya bila lugha ya barua rasmi. Nikisema ukweli nasema tu. Nikidanganya, naanza na 'kwa uelewa wangu'.

"Gervas alisema 'tuondoke'?"

"Kwa uelewa wangu, hapana."

"Acha hivyo. Ni mimi hapa."

Nikavuta kiti karibu na spika.

"Alisema mara mbili," Mwenzi alisema. "Mara ya kwanza tukiwa futi mia tatu. Kulikuwa na nafasi ya kutosha."

"Na ukafuta sauti yake."

"Sikufuta. Nimeifungia. Wa kuifungua ni mimi peke yangu. Nikisema, nafutwa. Ndege ishirini na moja zinakaa chini, na kuna wilaya nne ambazo dawa zao hazina njia nyingine mvua zikianza. Marubani wenye uzoefu hawapo, wako hawa wa miaka miwili mitatu ambao hawajawahi kutua peke yao kwenye ukungu. Nikapima. Kijana mmoja upande huu, hayo yote upande ule. Wewe ungefanya nini?"

"Ningesema ukweli."

"Hukusema."

Hapo ndipo nilipolijua jambo ambalo ningepaswa kulijua miaka ishirini na mitano iliyopita. Miezi ile minane, walinitaka nisimulie kila tukio baya nililowahi kupata, kofia ikiwa kichwani. Likafika la Elieza Mbonde. Nikalisimulia nilivyozoea kulisimulia, maneno yaleyale niliyoyatumia mbele ya kamati. Maneno waliyaandika. Kofia ikachukua kilichokuwa nyuma yake.

Elieza alikuwa rubani wangu msaidizi, miaka mitano kabla ya kofia. Tulitua hapahapa Lugema kwa kuufuata moshi, moshi ukanidanganya, tukaingia kwa kasi, matairi yakapasuka na ndege ikaishia kwenye shamba la chai. Hakuna aliyeumia. Niliiambia kamati kwamba msaidizi alikanyaga breki mapema. Elieza alikataa siku ya kwanza. Siku ya pili alisema hana hakika. Siku ya tatu aliniuliza, kwenye korido, "Kapteni, inawezekana nilikanyaga bila kujijua?" Nikamwambia inawezekana. Wakamnyang'anya leseni. Mimi nilikuwa kapteni mwanamke peke yangu katika shirika zima, na nilijiambia kwamba nikianguka mimi, mlango unafungwa kwa wasichana wote walio nyuma yangu. Nilipima, kijana mmoja upande huu, hayo yote upande ule.

Nilidhani walichukua mikono yangu tu.

"Yuko hai?" Mwenzi aliuliza.

"Nani?"

"Elieza Mbonde."

"Nilisikia alifungua duka la vifaa vya umeme. Muda umepita. Sijui."

"Hujawahi kuuliza," alisema, wala hakusema kwa ubaya. Niliondoka bila kuaga.

*

Kamati ilikaa saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa abiria, kwa sababu ndiyo sehemu pekee yenye meza ndefu. Salha katikati, wajumbe wawili pembeni, spika ya Mwenzi mezani kati yao kama mjumbe wa nne. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vioo. Gervas alikuwa ameoga. Barua yake ilikuwa imekunjwa mara nne, na aliendelea kuikunja.

Salha alinisogezea cheti na kalamu. "Tuanze na Kapteni Atuganile, ili apumzike."

Nilishika kalamu. Nitasema ukweli: nilitaka kusaini juu. Ningesaini, ningerudishwa nyumbani, na asubuhi ndege ya saa moja ingepita juu ya paa langu. Gervas angeomboleza mwaka, miwili, kisha angetafuta kazi nyingine. Watu wanapata kazi nyingine. Nilimwangalia, naye alikuwa ananiangalia mimi, si kwa lawama. Alikuwa ananionea huruma kwa kuitwa kwangu kwenye mvua.

Nikaweka kalamu chini.

"Sisaini juu," nilisema. "Mwenzi ana tabia isiyoandikwa. Aliipata kwangu."

Nikawaeleza moshi. Nikaeleza kipimo kibovu cha zamani, kiwanda, mvuke wa bondeni. Mjumbe mmoja aliacha kuandika na kutazama nje, kushoto, ingawa hapakuonekana kitu zaidi ya ukungu. Gervas alikuwa ameacha kukunja karatasi.

Salha alivua mtandio, akaukunja mezani taratibu. "Kapteni, unajua hii maana yake nini?"

"Najua."

"Zote ishirini na moja."

"Salha, najua."

"Lakini hili ni neno lako dhidi ya rekodi. Yeye anasema upepo ulitulia, na mkono wa mwisho bado ni wa huyu kijana. Mimi siwezi kumsafisha mtu kwa simulizi la moshi. Nahitaji Mwenzi aseme." Akaigeukia spika. "Mwenzi, umemsikia Kapteni. Unathibitisha?"

Akaisogeza karibu yake.

"Mwenzi?"

"Namsubiri Kapteni amalize," ilisema sauti yangu.

"Amemaliza," alisema Salha.

"Hajamaliza."

Wote wakanigeukia. Nilishikwa na hasira kwanza, maana nilikuwa nimeshatoa kitu pekee nilichobaki nacho, na hiki kidude cha plastiki kinadai zaidi. Kisha hasira ikapita. Nilimfahamu vizuri mno. Alikuwa anaogopa. Alikuwa amekaa mbele ya kamati akiogopa, na katika kila alichowahi kupewa, kwenye saa zote elfu kumi na nne za kuruka alizochukua kichwani mwangu, hakuwa hata na mfano mmoja wa namna mtu anavyofanya jambo hili. Nilimpa namna ya kutua kwenye ukungu, na injini moja ikizimika, na umeme ukikatika. Hili sikumpa, kwa sababu sikuwa nalo.

"Anza wewe, Kapteni," alisema. "Nitafuata."

Nikashika ukingo wa meza, dunia isizunguke.

"Kulikuwa na rubani anaitwa Elieza Mbonde," nilisema. "Alikuwa msaidizi wangu. Miaka thelathini iliyopita niliketi mbele ya kamati kama hii, kwenye ukumbi huuhuu, nikasema alikanyaga breki. Hakukanyaga. Nilijua hakukanyaga. Alikuja kuniuliza kama inawezekana alifanya bila kujijua, nikamjibu inawezekana, na akaniamini mimi kuliko miguu yake mwenyewe. Naomba iandikwe hivyo. Naomba atafutwe aambiwe, na kama hayupo, waambiwe watoto wake. Nitakwenda kuwaambia mwenyewe, kama watanipokea."

Mjumbe wa kushoto aliandika, akaacha, akaandika tena. Salha alikuwa ameshusha kichwa. Nilimtazama Gervas, na hakuwa akinihurumia tena, na hiyo pia ilikuwa haki yake.

"Sasa nimemaliza," nilisema.

Spika ikakwaruza. Kwanza ikatoka mvua, na injini, na sauti yangu ikihesabu futi: mia nne, mia tatu hamsini, mia tatu. Kisha sauti ya kijana, kavu, wazi kabisa: "Tuondoke." Na tena, kwa nguvu zaidi: "Mwenzi, tuondoke!"

Gervas alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Upepo ulikuwa mgongoni," alisema Mwenzi. "Nilikiona kipimo, sikukiamini. Gervas alikiamini. Alipovuta, alipunguza kishindo kwa theluthi moja. Asingevuta, viti vya mbele vyote visingekuwa na mtu hai. Mkono wa mwisho ulikuwa wake, na ndio uliowashusha abiria wakiwa hai. Iandikwe hivyo."